Kabla ya Kupeleka Watu Wetu Kwenye Kazi ya Taka

Maneno ya komite mbele ya mkutano wa wanachama, Uvira. Tunayachapa kwa ajili ya wanachama waliokuwa mbali na kwa wafadhili wetu.



Hesabu za mfuko zitasomwa baadaye, mhazini yuko hapa na daftari lake. Sisi komite tumeombwa tuseme juu ya jambo moja ambalo mkutano huu unapaswa kulikata leo: ile barua ya kampuni inayobeba taka hapa mjini. Wengi mmeisikia kwa maneno ya njiani, basi tuiseme ilivyo. Kampuni inataka watu thelathini. Kumi na wawili ni wa kuzoa uchafu mtaa kwa mtaa na mikokoteni, waliobaki ni wa kuchambua plastiki na vyuma chakavu kwenye uwanja wake. Haitaki kuwaandika yenyewe. Inataka chama kiwalete, chama kiwasimamie kwa kapita wake, na mwisho wa mwezi ilipe pesa zote kwa chama, kisha sisi tuwagawie. Kwa kila kichwa tutakachopeleka, chama kitabakiwa na fungu lake. Hilo neno «kichwa» ni la barua, si letu.

Tunajua furaha iliyopita barua ilipofika. Watu thelathini wenye mshahara ni nyumba thelathini zinazopika. Tangu tuvuke ziwa kurudi, wengine kwa zile meli za HCR zilizoanza kutushusha Baraka mwaka 2005, wengine baadaye kwa njia zao, kazi ndiyo imetushinda kuliko yote. Na mji wenyewe unaihitaji kazi hii. Aprili 2020 mto Mulongwe ulipofurika ukabeba nyumba na watu, kila mmoja aliona jinsi mifereji ilivyokuwa imejaa chupa na mifuko.

Komite inaitaka kazi hii. Barua, jinsi ilivyoandikwa, haiitaki. Tutaeleza kwa nini, na itabidi mtuvumilie kidogo maana njia inazunguka.

Siku tulipoanza kulizungumza, mama mmoja alisimama akatuambia: «Watoto wangu hawakukula jana, na ninyi muko munatuletea mambo ya Ulaya, eti utumwa mamboleo.» Hatukukasirika. Mama alikuwa na haki. Neno hili siku hizi linakuja kwenye karatasi za wafadhili, limekaa pamoja na maneno mengine ambayo tunayajaza kwenye fomu na kuyasahau. Lakini si la Ulaya. Hapa kando ya ziwa hakuna mtu wa kufundishwa utumwa ni nini. Ujiji iko ng'ambo ile pale, tumepita karibu nayo tukienda na tukirudi, na babu zetu wa Maniema walifika huko wakiwa na pembe za ndovu mabegani na kamba shingoni. Baadaye ukaja wakati wa Leopold, 1885 mpaka 1908, na kazi ya mpira kwa kiboko. Baadaye tena wakati wa Mobutu tulikuwa na salongo, na wazee waliopo wanakumbuka: unazoa taka za mji bila malipo, na asiyefika anatafutwa. Kwa hiyo taka na kazi ya lazima zinajuana zamani nchini hapa.

Ila tusilichezee neno. Kuamka saa kumi za usiku si utumwa. Kunuka taka mpaka nguoni, kudharauliwa na watoto njiani, kulipwa kidogo, hayo ni kazi ngumu na pengine kazi mbaya, na kuna njia zake za kuyadai. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1930, ambao Kongo iliuridhia mwaka 1960, unaangalia mambo mawili: mtu anatumika kwa kuogopa adhabu fulani, na hakujitoa mwenyewe kwa hiari yake. Adhabu si lazima iwe fimbo. Inaweza kuwa mshahara wa miezi miwili ulioshikiliwa, na ukiondoka umeupoteza. Inaweza kuwa kadi yako ya uchaguzi iliyofungiwa kwenye sanduku la kapita. Inaweza kuwa deni lisiloisha. Sisi kwenye komite tumelifupisha kwa swali moja: ukitaka kuacha kazi kesho asubuhi, unaweza?

Sasa, kwa nini taka? Maana utumwa wa leo haukai popote tu, una makao yake. Kuchambua taka ni kazi isiyodai shule wala lugha. Anayesimama kwenye meza ya kuchambua haonwi na mteja: mteja anaona gari na pubele tupu, basi. Mikataba ya kuzoa taka hutolewa kwa anayetaja bei ndogo, na gari na mafuta bei yake haipunguzwi, kwa hiyo kinachopunguzwa ni mtu. Na kwa sababu kazi inachukiwa, watu huacha kila wiki, na kampuni inachoka kutafuta. Hapo ndipo anatokea bwana mmoja mwenye tabasamu anayesema: mimi nitawaletea watu, msijali, ninyi mnilipe mimi.

Tuchukue mfano wa kweli, tena wa nchi tajiri. Uingereza, eneo la West Midlands, pande za Birmingham. Kati ya 2012 na 2017 genge la Wapoland lilikuwa likichukua Wapoland wenzao: waliotoka gerezani, waliolala nje, walevi, watu wasio na ndugu wa kuwaulizia. Mdogo alikuwa na miaka 17, wakubwa walipita 60. Waliahidiwa kazi na nyumba. Walipandishwa basi mpaka Uingereza kwa njia ya halali kabisa, maana wakati ule Mpoland alikuwa na ruhusa ya kuingia na kutumika kule. Hakuna aliyefichwa chini ya lori. Walipofika waliwekwa kwenye nyumba chafu zenye panya, wamebanana, choo kibovu. Mmoja ilimbidi kuoga kwenye mfereji. Genge likawafungulia akaunti za benki kwa majina yao, kisha likakaa na kadi. Wakapelekwa mashambani na kwenye vituo vya kuchambua taka. Pesa zilitoka kwa mwajiri, zikaingia kwenye akaunti yenye jina la mfanyakazi, na mtu mwingine akazitoa. Wapo waliobakiwa na nusu pauni kwa saa. Wakilalamika, walipigwa, au waliambiwa familia zao huko nyumbani zinajulikana zinapokaa.

Polisi walikadiria kwamba waliopita mikononi mwa genge hilo ni zaidi ya watu 400. Mwaka 2019 mahakama ya Birmingham ilimaliza kesi, watu wanane wakafungwa, watano wanaume na watatu wanawake.

Tunataka mtazame mambo mawili katika habari hiyo. La kwanza, watu hao hawakuingia kiwandani kwa kuruka ukuta. Waliingia langoni, wenye vitambulisho, kwa kupitia mawakala wa kazi, na mmoja wa genge alikuwa ameajiriwa ndani ya wakala wa namna hiyo. Mwenye kiwanda cha taka hakumpiga mtu. Alilipa mshahara. Angeapa mahakamani kwamba kwake hakuna mtumwa, na angeapa bila kujua. Kosa lilikaa katikati, pale kati ya anayelipa na anayetumika, kwenye kile kiungo ambacho kampuni ilikikodi ili isisumbuke.

La pili ni namna walivyogunduliwa. Mwaka 2015 watu wawili walifika mahali ambapo maskini hugawiwa supu, wakakutana na watu wa shirika linaloitwa Hope for Justice, wakaeleza. Hawakugunduliwa na mkaguzi mwenye faili. Waligunduliwa mezani pa supu, walipopata mtu wa kumwambia ambaye si msimamizi wao.

Mwaka uleule wa 2015 Uingereza ilipitisha sheria yake ya utumwa mamboleo. Kampuni yenye mauzo ya pauni milioni 36 au zaidi kwa mwaka inatakiwa itoe tamko kila mwaka, ieleze imefanya nini ili utumwa usiwepo kwake na kwa wanaoiuzia huduma na bidhaa. Wafadhili wetu wanaijua, maana yale maswali wanayotutumia yanafanana na ya huko. Ni jambo zuri. Lakini someni mpaka mwisho: sheria ile inaruhusu kampuni kutamka kwamba haijafanya chochote, na bado inakuwa imetimiza wajibu wake wa kutamka. Ufaransa mwaka 2017 walikwenda mbele kidogo, kampuni zao kubwa zinatakiwa ziwe na mpango wa tahadhari, na zinaweza kushitakiwa. Hata hivyo, sheria inayohusu kampuni ya wafanyakazi elfu tano haimfikii kapita mwenye mikokoteni sita Kavimvira.

Na hapa kwetu sheria hazikosekani. Katiba ya 2006, kifungu cha 16, inakataza utumwa na kazi ya lazima. Kanuni ya Kazi ya Oktoba 2002 inarudia, na kifungu chake cha 3 kinafuta kazi mbaya kupita kiasi za watoto. Desemba 2022 ilikuja sheria ya kuadhibu biashara ya watu. Ukitafuta karatasi, Kongo ina karatasi.

Sasa rudini kwenye barua. Kampuni inatuomba tuwe nani? Inatuomba tuwe yule wa katikati. Pesa zije kwetu zote, sisi tugawe. Kapita awe wetu. Fungu letu litoke kwenye kila mtu. Ikitokea mtu hakulipwa, kampuni itasema ilishalipa, na itakuwa inasema kweli. Mtu atakuja hapa ofisini kutudai sisi, ndugu zake, na sisi tutakuwa tumeshapata sababu ya kutomsikia, maana akiondoka fungu linapungua.

Mtatuambia: sisi ni chama, tunajuana, hatuwezi kufanyiana hivyo. Lile genge la Birmingham nalo lilikuwa la watu wa nchi moja na lugha moja, na ndiyo sababu waliaminiwa. Anayemkamata mtu vizuri ni yule anayemjua: anajua ana deni wapi, anajua karatasi gani hana, anajua mama yake anakaa mtaa gani.

Na sisi waliorudi tunakamatika kirahisi, tusifichane. Kule Tanzania tuliishi Nyarugusu, Lugufu na kwingineko kwa miaka, na kutoka kambini bila kibali kulikuwa kosa. Lakini nani hakutoka? Tulilima mashamba ya wenyeji kwa kibarua, na mwenye shamba akijua huna kibali, siku ya malipo anaweza kukuambia njoo kesho, na kesho yake akakuuliza kibali. Ungemshitaki wapi? Wapo wenyeji waliotulipa vizuri na tukala nao, tuseme ukweli. Lakini tuliokosa malipo hatukuyakosa kwa kuwa hatukujua haki yetu. Tuliyakosa kwa kuwa hatukuwa na mlango wa kubisha. Tumerudi nyumbani, na vijana wetu wana shahada za Kitanzania ambazo ofisi hapa zinazisoma kama karatasi ya kufungia karanga. Mashamba ya baba wengine yanalimwa na watu wengine. Kadi hakuna, au iko na jina lililokosewa. Mtu wa hivyo ukimwambia nipe kadi yako niitunze, atakupa, atakushukuru.

Basi komite imeandika masharti, na tunayaleta kwenu. Tusisome yote, yamebandikwa ukutani pale. Tuseme yale yaliyoleta maneno.

Kubwa kuliko yote ni pesa. Tunataka kila mmoja aandikwe na kampuni yenyewe, kwa jina lake, na alipwe mkononi au kwenye simu yake, namba iliyosajiliwa kwa jina lake. Namba moja isipokee mishahara ya watu wawili, hata wakiwa mume na mke. Ukiona mishahara mitano inaingia namba moja, hapo pana mtu wa katikati, huhitaji uchunguzi mwingine. Hapo mhazini wetu alikuwa na wazo: angalau michango ya chama ikatwe palepale kabla mtu hajapokea, maana mnajua jinsi michango inavyochelewa. Alitoa hesabu, na hesabu yake ni nzuri, mfuko ungenona. Tulijadili jioni mbili. Wengi wa komite walikataa, na mhazini amekubali kuileta kwenu hivyo. Leo tutakata mchango. Kesho tutakata deni la msiba. Keshokutwa mtu atapokea nusu na hajui nusu nyingine imekwenda wapi, na aliyekata ni sisi. Anayedaiwa mchango aulete mwenyewe, kwa miguu yake, hata akichelewa. Fungu la «kwa kila kichwa» tunalikataa lote.

La pili ni mwezi wa kwanza. Hili halimo kwenye fomu za wafadhili tulizowahi kuona, na sisi tunaliona ndilo mzizi. Kazi ya mwezi inalipwa mwezi ukiisha. Mtu anayeanza leo hana akiba. Atakula nini siku thelathini? Atakopa. Atamkopa nani? Kapita, au mwenye duka jirani na uwanja ambaye ni shemeji ya kapita, au wale wa riba ambao watu huwaita Banki Lambert. Tufanye mfano, si hesabu ya kampuni yoyote. Mtu alipwe franka 150,000 kwa mwezi. Anapewa bota na glavu kwa deni la 40,000. Anakopa chakula cha mwezi kwa 90,000, lakini kwa riba kinasomeka 130,000. Mshahara ukifika anadaiwa 170,000. Ametumika mwezi mzima na anadaiwa 20,000, na bado mwezi wa pili hajala. Hapo hakuna mnyororo, hakuna aliyempiga, lakini kesho asubuhi hawezi kuacha. Mwezi wa nne atakuwa anatumika usiku pia.

Kwa hiyo bota, glavu na kitambaa cha mdomo vitoke kwa kampuni bure. Sindano za hospitali zinakuja ndani ya mifuko ile, hatuwezi kumwambia mtu anunue ngozi yake mwenyewe. Na tunaomba mkutano uruhusu sehemu ya mfuko itengwe iwe mkopo wa mwezi wa kwanza, bila riba, wa chakula tu, ulipwe polepole kwa miezi minne. Hapa tunageuka kwenu wafadhili. Mmetuuliza mara kadhaa mnaweza kusaidia nini katika jambo hili la kazi. Msitufungulie ofisi ya kuajiri watu. Msilete semina ya siku tatu yenye soda. Ongezeni kwenye kikapu hiki cha mwezi wa kwanza, na mtakuwa mmemkata mkopeshaji mguu kabla hajafika. Likelemba za akina mama zimekuwa zikifanya hivyo miaka yote bila kuliita jina lolote.

Kuna jambo la siku 22, na vijana mlisikilize hasa. Kanuni ya Kazi inasema mfanyakazi wa siku kwa siku, akishatimiza siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla miezi hiyo miwili haijaisha, anahesabiwa kuwa ana mkataba wa muda usio na mwisho. Ndiyo maana utasikia mtu anasimamishwa siku ya ishirini na moja, eti apumzike, kisha anaitwa tena kwa jina la ndugu yake. Kila mtu awe na kidaftari, aandike siku zake. Saa nazo ziandikwe: sheria inasema tisa kwa siku, arobaini na tano kwa juma. Asiyejua kuandika achore msitari. Msitari unahesabika.

Akina mama watakaochambua wana hatari yao, na haikuandikwa ukutani kwa sababu ukuta unasomwa na watoto. Mnajua kapita anachoweza kumwomba mwanamke ili jina lake lisifutwe. Komite imependekeza mama wawili, watakaochaguliwa na akina mama wenyewe, wafike uwanjani kila juma saa ya kula na kukaa na wafanyakazi bila kapita kuwepo. Wasibebe faili. Wabebe chai. Tulifikiria ile meza ya supu.

Linabaki la watoto, na hili komite haikulimaliza. Kampuni haichambui taka zake tu. Inanunua pia chupa za plastiki na vyuma kwa kilo kutoka kwa wanunuzi wadogo, na wanunuzi hao wananunua kwa watoto, wale maibobo mnaowaona alfajiri na magunia. Sasa tazameni kamba inavyofungwa. Mnunuzi anampa mtoto gunia, anampa na mkate. Kuanzia hapo mtoto haruhusiwi kuuza kwa mwingine. Mizani ni ya mnunuzi, bei ni ya mnunuzi, na mkate umeandikwa. Mtoto akiuza kwingine anapigwa. Kampuni inapokea mzigo langoni, inalipa, inatoa risiti. Ukiuliza kama inaajiri watoto, jibu ni hapana.

Wengine kwenye komite walitaka tuiambie kampuni isinunue chochote kilichookotwa na mtoto. Linasikika vizuri. Lakini mtoto yule kesho asubuhi atakuwa wapi? Atapeleka gunia lilelile Kalundu kwa bei ndogo zaidi, na deni la mkate liko palepale. Wengine walisema kampuni inunue moja kwa moja kwa watoto ili imkate mnunuzi, na sisi tutakuwa tumeihalalisha kazi ambayo sheria haitaki mtoto chini ya miaka 18 aifanye, sindano zile na vyuma vile. Tulipofika mpaka sasa ni hapa: mizani iwe nje, mahali pa wazi, kila mtu aione, kampuni iwe na daftari la kila anayeiuzia na anakotoa mzigo, mnunuzi anayekopesha watoto afungiwe lango, na ndani ya uwanja asiingie mtoto. Watoto wenyewe, wale ambao ni wa nyumba zetu, na wapo, tusijifanye, tutawatembelea nyumbani kwanza. Mnaotoka Mulongwe na Kasenga mnawajua kwa majina. Mwenye wazo bora aliseme leo.

Kampuni imejibu nini? Tulikaa na mwakilishi wake mara moja. Kulipa kila mtu kwenye simu yake amekubali, alisema hata kwao ni rahisi. Kutoshika kadi amekubali. Bota amekubali, glavu alisema zitaangaliwa. Kuandika watu kwa jina la kampuni hakukataa wala hakukubali, alisema atapeleka kwa wakubwa. Mama wawili na chai ndilo lililomkera. Aliuliza kwa nini wageni waingie kwenye uwanja wa kampuni. Tulimjibu kwamba hao si wageni, ni dada na mashangazi wa wafanyakazi wake, na wakizuiwa ndani watakaa langoni kwa nje, barabara ni ya wote. Alicheka. Tunafikiri litakubalika.

Kama kuandika watu kwa jina la kampuni litakataliwa, pendekezo la komite ni tusipeleke mtu hata mmoja kwa jina la chama. Mwanachama anayetaka kwenda mwenyewe hazuiwi, ni haki yake, na mkopo wa mwezi wa kwanza atapata kama wengine. Tunajua kampuni inaweza kwenda kwa kapita mwingine nje ya chama kesho yake, na watu thelathini wakapatikana kabla ya saa nne. Hilo tumelipima. Bado tunalipendekeza.

Baada ya maswali tutapiga kura kwa mikono, sharti kwa sharti, na lile la michango ya mhazini litapigiwa kura peke yake. Mkikubali, katibu ataanza kuandika majina Jumatatu saa mbili asubuhi hapa hapa. Anayetaka kazi aje mwenyewe, asitume mtu, aje na namba ya simu iliyo kwa jina lake. Asiye na simu aseme, tutaona. Aje pia na kadi ya uchaguzi kama anayo. Katibu ataitazama, ataandika namba, na atamrudishia palepale mezani.